Anywe Tu, Asile

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 14 Agosti 2007, saa nne asubuhi, kwa bakuli moja la mtori wa ndizi na nyama. Dada yangu Germana aliupika, mimi nililishika bakuli, mke wangu Ndeshi akanywa. Nalisema hili mwanzoni asije mtu akadhani nataka kulificha nyuma ya mengine. Lakini kabla ya bakuli kulikuwa na watu wenye viti na magari, na hao ndio nitakaowasema. Mimi ni fundi pancha, shule niliishia darasa la nne, kalamu inanisumbua kuliko spana. Hata hivyo nitaandika, maana wao waliosoma wamenyamaza.

Ndeshi alikuwa mpishi mkuu kwenye loji ya Mkurugenzi Melkizedek, ile iliyo juu ya mji wa Karatu, njia ya kwendea geti la Ngorongoro. Alikaa pale miaka kumi na minne. Wazungu walioshuka kreta na boksi la chakula mapajani, paja la kuku walilokuwa wanalitafuna huku wanapiga picha za vifaru lilikaangwa na mke wangu, ambaye yeye kreta hajawahi kushuka hata siku moja. Na mke wangu alikuwa mnene. Sisemi mnene wa afya, kama wanavyosema watu wakitaka kuonekana wema. Alikuwa mnene wa kuvunja benchi, na alilivunja kweli, kanisani, siku ya Pasaka, akacheka kuliko wote waliokuwa wanacheka. Magoti ndiyo yalikuwa hayacheki. Kuinama alishasahau. Kila asubuhi kabla sijaenda kufungua kibanda changu pale barabarani nilikuwa napiga goti sakafuni kumfunga kamba za raba zake za kazini.

"Vuta, Baba Ino, zisije zikanifunguka mbele ya wageni."

"Nikivuta zaidi mguu utapasuka."

"Upasuke. Si una viraka?"

Ndivyo tulivyoishi. Mtoto wetu mmoja, Inosenti, alikuwa ameshaoa huko Mwanza, nyumbani tumebaki wawili na kuku.

Mkurugenzi naye alikuwa na mke, Anneth, sisi tulimwita Mama Brian. Naye alikuwa mnene, ila unene wao haukufanana. Mke wangu alinenepa akiwa amesimama, mwiko mkononi, anaonja chakula cha watu. Mama Brian alinenepa akiwa amekaa, analetewa. Huyu aliambiwa na mgeni mmoja wa kike kwamba huko India kuna madaktari wanakufungua tumbo matundu madogo madogo, wanakuvalisha mpira juu ya mfuko wa chakula kama unavyofunga mdomo wa gunia, ukila vijiko vitatu umeshiba. Mimi niliposikia nilicheka. Mtu ambaye hajabeba ndoo tangu azaliwe anapanda ndege kwenda kukatwa tumbo ili ale kidogo. Kwani kula kidogo hapa Karatu kumekatazwa? Nenda Buger kule kwa wakulima mwezi wa pili, mahindi yakiwa bado shambani, uone watu wanavyokula kidogo bila daktari.

Ila alikuwa anaogopa kisu. Hilo tulilijua baadaye. Mwezi wa tano akaingia jikoni, yeye ambaye jikoni alikuwa haingii kwa sababu ya harufu ya vitunguu, akamshika Ndeshi bega.

"Mama Ino, Mungu amekuona. Tunakwenda wote India. Ofisi inagharamia. Wewe una magoti, mimi nina presha, tutauguzana."

Ndeshi alikuja kuniambia kibandani, nina tyubu ya lori la vitunguu la Mang'ola ndani ya karai la maji, natafuta tundu.

"Kwa nini wewe?" nikamuuliza.

"Anasema ananihurumia."

"Miaka kumi na minne hakukuhurumia hata kwa stuli ya kukalia jikoni. Leo amekuhurumia mpaka India?"

"Baba Ino," akasema, na sauti yake haikuwa ya utani, "mimi nataka kuinama tu. Nifunge raba zangu mwenyewe. Miaka sita unanifunga kama mtoto wa chekechea."

Mapovu yalitoka kwenye tyubu, nikaweka kidole pale palipotoboka, nikasema nenda.

Maandalizi yake yalikuwa vichekesho. Kwanza pasipoti, Arusha mara nne, kwa sababu ofisa alisema sura kwenye picha haitoshi kwenye fremu. Halafu ikaja amri kutoka India kwamba kabla ya kukatwa wakae wiki mbili kwa supu ya kuchuja tu, wapungue. Yaani aende kupunguzwa akiwa ameshapungua. Ndeshi akaishi kwa maji ya mchicha wiki mbili nzima, huku anapika nyama ya watu, hakuonja hata chumvi. Akawa anamwita msaidizi wake aonje. Nikamwambia, kama unaweza haya hapa hapa, India unafuata nini? Akasema ameshaahidi. Mama Brian yeye maandalizi yake yalikuwa masanduku. Alinunua makubwa mawili, matupu, na mimi mjinga sikujiuliza mgonjwa anakwenda na masanduku matupu ya nini.

Siku moja kabla ya safari Mkurugenzi aliwakusanya wafanyakazi, akatoa hotuba. Akasema loji ni familia. Kisha akampa Ndeshi fomu za Kiingereza akamwonyesha kwa kidole, hapa, hapa na hapa. Kiingereza cha mke wangu kilikuwa cha jikoni: kuku, ng'ombe, bila nyama, karibu tena. Akasaini hapa, hapa na hapa.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Asubuhi ya kisu walikuwa wote wawili wamevaa yale magauni ya kufungia mgongoni. Mama Brian akakohoa. Akasema, "Atangulie Mama Ino, mimi nimeamka na mafua." Ndeshi akatangulia. Alipozinduka, ana mipira puani na tumbo linawaka moto, Mama Brian alikuwa amesimama mlangoni anamtazama, mkono mdomoni. Mafua yale hayakupona tena. Yalidumu mpaka siku ya ndege, yakimtembeza madukani, na masanduku mawili yakarudi yamejaa vitambaa vya kung'aa. Mke wangu alipelekwa kama yule kuku wanayemwonjesha chakula kuona kama kina sumu.

Kuna jambo moja lazima lieleweke, maana kila kitu kimesimama juu yake. Ule mpira si wa kufunga tu ukaachwa. Una uwazi ndani, unajazwa maji. Ukijazwa unabana, ukitolewa maji unalegea. Kawaida wanasubiri wiki kadhaa mgonjwa apone ndipo wajaze kidogo kidogo. Lakini daktari wa kule alimwambia Mama Brian kwamba kwa kuwa huyu anakaa mbali, wamjaze kabisa siku ya kuondoka, yaishe. Akampa Mama Brian karatasi za maelekezo. Hakumpa mgonjwa. Alimpa mwenye mkoba mzuri.

Walirudi mwisho wa mwezi wa saba, Karatu imejaa vumbi na baridi. Gari la loji likasimama mbele ya kibanda changu. Kioo kikashuka, kidogo, vumbi lisiingie.

"Baba Ino, mkeo huyo. Daktari kasema anywe tu, asile. Wiki sita. Mengine yako kwenye karatasi, nitakuletea."

"Karatasi ziko wapi, mama?"

"Ziko kwenye mkoba, ndani ya sanduku. Nitakuletea."

Kioo kikapanda. Anywe tu, asile. Maneno matatu, ndiyo maelekezo yote niliyopewa juu ya tumbo la mke wangu.

Siku hiyo Ndeshi alikaa kitandani akanionyesha makovu, matano, madogo kama ya kuchanjwa. Halafu akachukua mkono wangu akauweka chini ya mbavu za kushoto.

"Bonyeza. Unasikia?"

Kulikuwa na kitu kigumu chini ya ngozi, cha mviringo, ukubwa wa kifungo cha koti.

"Nini hiki?"

"Ndipo wanapojazia. Wanachoma sindano hapo, wanatia maji. Wakitaka kulegeza wanachoma tena, wanavuta."

"Hii ni valvu, Mama Ino."

"Nilijua utasema."

"Basi mke wangu ana tyubu."

"Na bahati yangu fundi ninaye nyumbani," akasema, akacheka, akajishika tumbo kwa maumivu ya kucheka.

Wiki mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Maji kwa kijiko, chai ya rangi, supu ya kuku niliyoichuja kwa kitambaa. Alipungua mpaka ngozi ya mikono ikawa inaning'inia kama shati la kuazima. Na Jumapili ya tarehe 5 alikaa kwenye stuli, akainama, anahema kwa puani, akazifunga raba zake mwenyewe. Alichukua muda wa kusali Baba Yetu mbili. Fundo la mguu wa kulia lilikaa upande. Nikanyoosha mkono kulirekebisha, akanipiga kofi la vidole.

"Acha. Hilo ni langu."

Akaenda nalo kanisani hivyo hivyo.

Huko kanisani ndiko maneno yalikoanzia. Mwaka ule, Karatu, mtu akipungua haraka alikuwa na ugonjwa mmoja tu, hakuna aliyeuliza wa pili. Ningeweza kuwaeleza watu habari ya mpira, lakini Mama Brian alishatangulia. Loji nzima aliwaambia kwamba Ndeshi alipelekwa India kwa matatizo ya damu, na yeye alimsindikiza kwa huruma. Damu! Asingeweza kutaja mpira bila kuulizwa wa kwake uko wapi. Ili mwoga mmoja asichekwe, mke wangu akapewa ugonjwa.

Mwajabu, anayeuza khanga mkabala na kibanda changu, ndiye aliyenieleza uso kwa uso, na ninamheshimu kwa hilo.

"Mzee Patrisi, mimi sisemi la mtu. Ila nakwambia usije ukalisikia barabarani. Wanasema mkeo kakanyaga waya."

Nililisikia barabarani siku hiyo hiyo. Dereva wa lori la vitunguu, nimelala chini ya gari lake natoa nati, akasema kwa sauti wenzake wasikie, "Fundi, na wewe umeshapima? Maana hiyo pancha haina kiraka." Wakacheka. Nilizifunga nati zake zote, sita, nikampa gari lake zima. Sijui kwa nini nasema hili. Labda mjue kwamba mimi nilifanya kazi yangu hata kwa mtu nisiyempenda.

Germana alisikia huko huko kwetu Kibosho, maana maneno hupanda basi. Jumatatu tarehe 13 akashuka stendi ya Karatu na mkungu wa ndizi na nyama ya mgongo imefungwa kwenye gazeti. Alipomwona Ndeshi akapiga yowe.

"Patrisi! Unamuua mtoto wa watu kwa maji?"

"Daktari kasema anywe tu, asile."

"Mtu kakatwa tumbo mnampa maji ya kuku? Kwetu aliyekatwa tumbo ni mzazi, hata kama mtoto hayupo. Na mzazi anapewa nini?"

"Mtori. Lakini dada, kasema asile."

"Kwani mtori unaliwa?"

Nikamwangalia Ndeshi, Ndeshi akaniangalia. Kwetu hakuna mtu anayesema kala mtori. Hata ukiwa mzito kijiko kinasimama, unanywewa. Mama yangu aliunywa aliponizaa, Ndeshi aliunywa alipomzaa Inosenti, siku arobaini. Wazazi wote tunaowajua waliunywa.

"Ni kweli, Baba Ino," Ndeshi akasema polepole. "Mtori unanywewa."

Akasema hivyo na pua yake ilikuwa imeshageukia gazeti la nyama. Wiki sita bila kutafuna, ukihesabu na zile za kabla. Mtu aliyeishi kwa kuonja.

Kwa hiyo asubuhi ya Jumanne ndizi zikachemka, zikapondwa, nyama ikapondwa humo, siagi ikapita juu. Kama karatasi ya India ingekuwa mezani kwetu, hata ya Kiingereza, ningeipeleka kwa mwalimu yeyote. Mezani palikuwa na maneno matatu ya kwenye kioo cha gari. Nikamshikia bakuli, akanywa. Alipofika nusu akasita.

"Maliza, Mama Ino," nikamwambia. "Waone hao wanaokusema."

Akamaliza. Kisha akaweka kiganja kifuani, akawa kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Alitapika tangu saa nne mpaka saa nane. Mtori ulipoisha yakaja maji, maji yalipoisha mate. Hata mate yake mwenyewe yalikuwa hayashuki, akawa anayatemea kwenye kikombe. Nikaomba pikapu ya Mwajabu, tukampeleka hospitali. Jina la hospitali naliacha, inatosha kwamba ina geti na ina watu waliosoma.

Daktari aliitwa Nehemia, kijana, tai shingoni, simu mbili. Akamtundikia dripu, akapiga eksirei, akaishika picha dirishani muda mrefu. Kulikuwa na kipete cheupe pale juu ya tumbo, kimelala upande.

"Hiki kitu ni nini?"

"Ni mpira, daktari. Una maji ndani, umembana. Valvu iko hapa chini ya mbavu. Choma sindano, toa maji, utalegea."

Akaitazama ovaroli yangu kuanzia shingoni hadi miguuni.

"Mzee, umesomea wapi?"

"Barabarani."

Wauguzi wawili wakacheka. Naye akacheka, kwa ustaarabu.

"Sasa mzee wangu, hapa siyo gereji. Siwezi kugusa kifaa cha hospitali nyingine bila maelekezo. Nani alimpeleka? Kalete karatasi."

Jumatano asubuhi nilikuwa getini pa loji. Mlinzi, Meitamei, tunajuana, akanishika mikono yote miwili.

"Mzee, mama yuko Arusha tangu Jumatatu. Kwa fundi wa nguo. Mkurugenzi yupo, ana kikao na wageni wa wizara."

Nilikaa kwenye benchi la mapokezi mpaka saa tisa. Harufu ya jikoni ilikuwa inanifikia, msaidizi wake Ndeshi alikuwa anaunguza vitunguu. Mkurugenzi alipotoka na wageni wake akaniona, tabasamu likabaki usoni ila macho yakaliacha peke yake.

"Baba Ino! Pole sana. Tunafuatilia. Hili jambo linahitaji busara."

"Mkurugenzi, busara sina haja nayo. Nataka karatasi zilizo kwenye mkoba wa mama."

"Simu yake imezimwa. Akirudi tu."

"Mtu hamezi mate, Mkurugenzi."

"Tunafuatilia," akasema tena, akamfungulia mgeni mlango wa gari.

Alhamisi nilirudi, nikakaa benchi lile lile. Ijumaa jioni dereva wa loji akaleta bahasha hospitali, na ndani, kati ya karatasi, kulikuwa na kipande cha kitambaa cha dhahabu, sampuli. Daktari Nehemia akasoma amesimama. Ukurasa wa kwanza ulisema vinywaji vyepesi vilivyochujwa, vijiko viwili kwa mara moja. Hakuna mtori duniani unaoitwa hivyo. Alipofika wa pili nikaona midomo yake imesimama.

"Imesemaje, daktari? Nisomee kwa Kiswahili."

Kwa heshima yake, alinisomea. Ilisema mgonjwa akishindwa kumeza hata maji, mpira utakuwa umehama au umebana, maji yote yatolewe mara moja kwa sindano, na asisubiriwe mtu.

"Si nilikwambia Jumanne?"

"Mzee, imeandikwa sindano maalumu. Hatuna ya aina hiyo."

"Daktari, tairi likiwa linataka kupasuka unatafuta kifaa maalumu cha kubonyezea valvu? Unabonyeza hata kwa njiti ya kiberiti!"

"Mke wako siyo tairi."

"Ndiyo maana nakuomba kwa adabu."

Akaweka karatasi mfukoni mwa koti jeupe. "Tunasubiri ruhusa," akasema, akatoka na simu sikioni.

Jumamosi tumbo lilikuwa gumu kama ubao na homa imepanda. Nilikaa pembeni yake kidole changu kikiwa pale pale, juu ya kifungo kile. Nilikisikia wazi kabisa, juu juu, ngozi tu na chenyewe. Alikuwa ameshapungua, kazi ingekuwa rahisi. Alifumbua macho.

"Baba Ino. Fungua."

"Wanasema tusubiri."

"Wewe si fundi?"

Kwenye sinia palikuwa na bomba la sindano, jipya, ndani ya karatasi yake. Nilichukua. Nilikuwa nimeshachana karatasi muuguzi aliposhika kiwiko changu akaita, mlinzi akaja, na daktari nyuma yake.

"Mzee, ukimgusa huyu mama akafa, ni wewe utakayefungwa."

Nikaiweka sindano. Hilo nalo nalisema mwenyewe. Mimi ambaye sijawahi kuogopa tairi la lori lililojaa, niliogopa tai ya mtoto wa watu. Walinitoa wodini, nikakaa chini ya mti wa geti na raba zake kwenye mfuko wa rambo. Jumapili asubuhi, kengele ya misa ya kwanza inalia, wakaja kuniita kwa sauti za upole. Kwa upole wao nikajua.

Loji ilitoa gari la kumpeleka kwetu Kibosho, lile la watalii, paa linafunguka juu, tembo kachorwa ubavuni. Ndivyo mpishi wao alivyopanda gari la kreta. Mama Brian alikuja na kitambaa cha dhahabu kimeshonwa tayari, akashika kipaza sauti, akasema Ndeshi alikuwa shujaa aliyepigana na ugonjwa wake kwa siri. Watu wakaitikia. Germana alikuwa amekaa chini, ukutani, amejifunika khanga kichwani. Tangu Jumanne ile hajapika mtori, na mimi sijamwambia kwamba alikosea, kwa sababu hakukosea neno. Mtori unanywewa.

Nilimvalisha raba zake mimi. Mguu wa kulia nikalifunga fundo likakaa upande.

Mpira ule umezikwa naye, na maji yake ndani. Inosenti aliuliza, akaambiwa ni kiasi cha kijiko kimoja na nusu. Kijiko kimoja na nusu cha maji, siku tano, jengo zima limejaa mabomba ya sindano.

Baada ya arobaini nikaanza kuzunguka. Daktari Nehemia alisema ruhusa ilitakiwa itoke kwa mkubwa wake. Mkubwa wake, mzee mwenzangu, akanikaribisha chai, akasema wao walikuwa wanasubiri loji, kwa sababu loji ndiyo ilimpeleka. Mkurugenzi akasema loji haina mamlaka juu ya mwili wa mtu, hayo ni mambo ya India. Inosenti akapiga simu India kwa Kiingereza chake cha chuo, mama mmoja akafungua faili akamwambia, ruhusa mnayo, iko ukurasa wa pili. Nimerudi kwa Nehemia na jibu hilo. Amehamishwa, wanasema amepanda cheo.

Basi nawaandikia wote kwa pamoja, kwa herufi zangu mbaya hizi, na mtakayemkuta anajua kusoma amsomee mwenzake: siku zile tano, mlikuwa mnasubiri ruhusa ya nani?